Sauti Nyuma ya Kinara

Tangu Fundi, mtalaka yule, aingie kazini, mama yake Kinara hakuwahi kuvuka kizingiti cha karakana. Akitaka kitu alisimama nje, akagonga bati kwa pete yake, akasema na hewa: "Kuna tairi la mgeni limeisha upepo, mwenye kazi yake asikie." Hakumwita jina wala cheo. Basi asubuhi ile alipoingia hadi ndani, akajivutia kigoda na kukipangusa kwa kiganja, Fundi aliacha kazi akamtazama. Mtu akikuchukia miaka miwili mfululizo halafu akaja kukaa karibu nawe, hakuja bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Fundi alibaki na spana mkononi asijue aiweke wapi. Neno hilo alilililia chumbani kwake mara ngapi, na leo limetoka kirahisi kama mtu anayeomba chumvi.

Nikueleze kwanza usipotee. Nyumba ile ya wageni ilijengwa pale barabara ya pwani inapoiacha bahari na kuanza kukwea milima. Watu walitoka miji ya mbali na baiskeli zao za bei mbaya kwa ajili ya barabara hiyo moja. Inapanda kona baada ya kona, inavuka kilele, halafu inaporomoka ndani ya korongo, mwamba upande huu na shimo upande ule, mpaka inakurudisha baharini. Mama alipika na kutandika vitanda. Mjomba, yaani kaka yake mama, aliendesha gari la mizigo nyuma ya msafara. Fundi, mwanamke aliyeachwa na mumewe akaja na mkoba mmoja na ujuzi wake, alitengeneza baiskeli. Na mwana pekee wa nyumba ndiye aliyeongoza. Kila mtu alimwita Kinara, hata mama yake.

Msafara wa baiskeli nao una desturi yake. Mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, mmekaribiana kiasi kwamba wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo tu. Macho ya wote ni ya yule wa mbele. Akiona shimo kushoto, ananyoosha mkono chini kushoto. Akiona mchanga, anatikisa kiganja. Ishara inapokewa mtu kwa mtu hadi wa mwisho. Ukimfuata mtu namna hiyo umemkabidhi roho yako, na pengine hujui hata kwao ni wapi.

Kinara alikuwa ameacha kutoa ishara. Si juani, juani mkono wake ulikuwa palepale. Ni pale barabara ilipotoka kwenye jua kali na kuzama ghafla kwenye kivuli cha mwamba. Fundi, ambaye siku zote alikaa gurudumu la pili, nyuma yake kabisa, aliona mashimo yanapita bila mkono kushuka. Mara ya kwanza alidhani ni uzembe. Mara ya tatu alielewa, na alipoelewa hakumuuliza. Alianza tu kusema kutoka nyuma: "Shimo kulia. Jiwe. Kona inakaza." Kinara akawa anafuata sauti. Wageni walicheka sana. "Hawa ni mke na mume tayari," walisema. "Bwana anaendesha, bibi anasema."

Walicheka mpaka wiki iliyopita, upepo ulipopanda korongoni ukaimeza sauti. Kinara aligonga jiwe, gurudumu lake la mbele likapinda, akayumba barabara nzima. Fundi alimkwepa. Mhasibu mmoja mnene mwenye utani mwingi, aliyekuwa nyuma ya Fundi, hakuwahi. Alijipiga ukutani akavunjika mfupa wa mtulinga. Walipokusanyika kulitazama lile gurudumu lililopinda, mtu aliuliza limekuwaje, na Kinara alijibu huku ameangalia chini: "Nadhani spoku zililegea."

Fundi alikuwa amezikaza njiti hizo zote za gurudumu kwa mkono wake, akazipiga moja moja kwa ukucha kusikiliza mlio. Wageni walimtazama kama mtu aliyetaka kuwaua, na yeye akainama kukusanya vipande.

"Najua spoku hazikulegea," mama alisema sasa, sauti ya chini.

Fundi aliipangusa spana kwa kitambaa.

"Usinifiche mimi. Baba yake alianza hivihivi. Alikuwa anaingia ndani kutoka juani, anasimama mlangoni. Nikimwuliza unangoja nini, ananiambia nakutazama ulivyo mzuri." Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Na mimi nikaamini. Mwanamke akisifiwa anakuwa mjinga."

Spana ilimponyoka Fundi ikalia sakafuni. Kwa maana Kinara naye alikuwa na tabia hiyo. Kila alipoingia karakana alisimama mlangoni kwanza, ametabasamu, hasemi kitu, na Fundi kwa muda wote huo alijua kwa hakika kwamba anatazamwa. Alikuwa akijirekebisha nywele. Alikuwa akipata joto mashavuni. Kumbe mwenzake alikuwa anasubiri macho yazoee giza.

"Baba yake walipomwondoa kazini hakufa siku ile," mama aliendelea. "Afadhali angekufa. Alikaa chumba kile cha mwisho miaka, anapapasa ukuta, anauliza ni saa ngapi. Mtu aliyekuwa akipita watu wanasimama. Mimi nilimzika mume wangu mara mbili, mwanangu. Huyu sitamzika nikiwa namlisha kwa kijiko."

"Mama, korongo lile litamuua kabla ya hicho kijiko."

"Si kama wewe uko nyuma yake." Mama aliusogeza mkono wake, akaushika mkono wa Fundi wenye grisi, akaubana. "Nimekukataa, ndiyo. Nilisema mwanangu hatavaa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine. Nilisema mengi. Leo nasema haya: mwezi ujao nawaozesha. Nitawaalika ndugu wote, na atakayenuna aondoke. Ila ukae nyuma yake, usemee macho yake, na mdomo huo ukishatoka barabarani ufunge. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na wageni?"

"Wageni wanakuja na kuondoka." Mama alisimama. Mlangoni aligeuka, na Fundi aliona kwamba macho yake yamejaa maji. "Unampenda au humpendi? Ni hilo tu."

Jamani, swali gani hilo. Ni sawa na kuulizwa iwapo anapumua.

Kinara alikuja alasiri kuchagua kofia ngumu za kesho. Alifika mlangoni, nyuma yake jua limewaka ua mzima, akasimama. Alitabasamu.

"Mimi niko huku kushoto," Fundi alisema. "Pembeni mwa meza. Usihangaike kunitabasamia pasipo mtu."

Tabasamu lilikufa taratibu. Akaingia, mkono mmoja umetangulia kidogo, akaipata meza, akakaa juu yake.

"Mama amekuja kwako."

"Amekuja. Ameniita mwanangu."

"Basi si umefurahi?"

"Nimefurahi mpaka nimetapika." Fundi aliweka chini gurudumu alilokuwa akilisafisha. "Tangu lini, Kinara?"

"Sijui. Huwezi kujua siku. Siku moja unajikwaa kwenye ndoo, unasema nani kaiweka hapa. Unamgombeza mtu bure." Alikuwa akiikunjua na kuikunja mikanda ya kofia. "Mbele naona. Ni kama natazama ndani ya bomba. Kilicho katikati nakiona vizuri, uso wako nauona. Pembeni hakuna kitu. Na kwenye kivuli hata hilo bomba linazibwa."

"Halafu unawashusha watu korongoni."

"Nakuwa nawe."

"Wiki jana ulikuwa nami."

Nje mama alisikika akikung'uta shuka.

"Ulisema spoku," Fundi alisema. Sauti yake ilianza kukatika, na ilimuudhi kwamba inakatika. "Mimi nilikuwa nasubiri useme chochote. Useme ni jiwe, ni upepo, ni shetani. Ukanichagua mimi. Mume wangu wa kwanza aliniacha akasema mbele ya watu kwamba sina mkono wa kushika kitu kikadumu. Nilikuhadithia hilo kitandani, Kinara. Na wewe ukaenda ukalirudia."

"Niliogopa."

"Mimi je, siogopi?"

"Njoo hapa."

"Siji."

Alishuka mezani akamfuata, akamkosa kwa hatua moja, akampata. Alimshika uso kwa viganja viwili, akausogeza katikati, pale anapoona. Macho yake yalikuwa mazuri yaleyale, meusi, hayana hata doa; ndiyo ilikuwa balaa yake. Fundi alijiambia atakuwa mgumu, akashika shati lake kwa ngumi mbili.

"Mwache mtu mwingine aongoze mteremko," alimwomba kifuani. "Panda nao mlima, mlima unauweza, hakuna wa kukushinda. Kule juu nipishe mimi mbele. Au Mjomba atangulie na gari. Tutasema una kizunguzungu. Tutasema lolote."

"Na kesho yake tutasema nini? Na wiki ijayo?" Alimwachia. "Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, umeshaniandalia methali. Lakini unakijua chumba kile cha mwisho? Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka baba chooni. Siku moja aliniambia, mwanangu, mimi sasa ni fanicha. Nikishuka kwenye baiskeli nitakuwa nani? Utaolewa na fanicha?"

"Nitaolewa na wewe."

"Unasema sasa hivi."

"Nasema hata kesho kutwa. Nitakupeleka chooni, nitakusomea, nitakugombeza. Sikukupendea mgongo wako kwenye msafara."

"Ndio ulionipendea. Ulinambia mwenyewe."

Ni kweli alimwambia. Walikaa wakitazamana, wawili waliopendana kweli na wasiokuwa na pa kutokea.

"Kesho moja tu," Kinara alisema. "Wageni wa kesho wameahidiwa mimi. Nipe sauti yako kesho, halafu tutakaa na mama na Mjomba tuzungumze kama watu wazima. Naapa. Ila niahidi hutamwambia mtu. Nikiaibika, niaibike kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alipaswa kukataa. Wewe unayesoma umekaa kwenye kiti chako, ungekataa. Yeye alikuwa na kiganja cha mwanamume huyo shingoni mwake.

"Sitasema neno," aliahidi.

Wageni wa kesho yake walikuwa wachache. Mwalimu mstaafu mwenye miguu myembamba kama vijiti vya kibiriti, dada yake mwalimu huyo, na maharusi wawili ambao hawajamaliza hata mwezi. Bibi harusi aliomba akae nyuma ya Fundi. "Mume wangu anaendesha kama mwizi," alisema. "Afadhali nimfuate mwanamke mwenzangu." Mumewe akajibu kwamba mwizi ndiye aliyeiba moyo wake, na mwalimu mstaafu akasema mapenzi ya namna hiyo yangepigwa marufuku kabla ya saa nne asubuhi.

Walipanda vizuri. Bahari ilibaki chini, ikawa pana, ikawa kimya. Kinara alikuwa mbele amekaa wima, anakanyaga bila haraka, na kila ufa barabarani mkono wake ulishuka kuuonyesha. Fundi aliutazama mgongo ule na kuuonea uchungu. Kwenye mlima, juani, hakuna mtu angeweza kusema kuna kasoro. Mara moja Kinara alirudi nyuma akaja ubavuni mwa dada wa mwalimu, akamsukuma kwa kiganja mgongoni mpaka kona ilipolegea, na mama mtu mzima yule akacheka kama msichana. Ndivyo alivyomsukuma Fundi siku ya kwanza. Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia, kwenye kile kiganja.

Karibu na kilele barabara ilipita mahali pafupi penye kivuli. Upepo ulikuwa umeshaanza kuja kutoka upande wa korongo. "Shimo kulia!" Fundi alisema kwa nguvu, na Kinara alilikwepa, lakini alichelewa, gurudumu lilipita ukingoni kabisa mwa shimo.

Fundi aligeuza shingo. "Ulinisikia niliposema shimo?" alimwuliza bibi harusi.

"Shimo gani, dada?"

"Hukusikia kitu?"

"Nasikia upepo tu. Lakini mimi sina wasiwasi, nafuata gurudumu lako."

Bibi harusi alikuwa nyuma yake kwa urefu wa baiskeli moja. Bado hata hawajaanza kushuka.

Kileleni palikuwa na mwamba mkubwa ulioinamia barabara, na chini yake palikuwa na baridi na giza kidogo hata mchana. Hapo ndipo misafara yote ilipumzika kabla ya mteremko. Kinara aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta mfupi wa ukingoni, akaenda kusimama chini ya mwamba, mgongo kwenye jiwe, chupa ya maji mkononi. Mjomba aliegesha gari mbali kidogo. Wageni walikaa chini wakanyoosha miguu.

Fundi alimsogelea, akasema kwa kunong'ona. "Upepo ni mbaya kuliko wiki jana. Hata wa nyuma yangu hanisikii."

"Mimi nitakusikia."

"Umelikosa shimo kwa bahati."

"Nimelikosa. Hilo ndilo muhimu."

"Kinara, nakuomba. Nipishe."

"Uliahidi," alisema, na alitabasamu, akitazama mahali ambapo Fundi hakuwapo. Kisha akapaza sauti kwa wageni, sauti ile ya furaha waliyoijia kutoka mbali. "Haya wapenzi, sasa ndiyo utamu wenyewe. Mtu asiache gurudumu la mwenzake. Mimi nikienda, nanyi mnakuja."

Bibi harusi aliinuka akafunga kofia yake chini ya kidevu. Mumewe alimrekebishia mkanda akamgusa pua.

Fundi hakufikiri sana. Angefikiri asingefanya. Alikwenda kwenye ukuta, akainama kwenye baiskeli ya Kinara, akafungua komeo la ekseli kwa vidole vilivyofanya kazi hiyo maelfu ya mara, akalichomoa gurudumu la mbele. Alitaka tu msafara usishuke. Baiskeli isiyo na gurudumu haiongozi mtu, na yeye hatakuwa amesema neno. Watamwita mwendawazimu, mama atamfukuza, basi. Alilisukuma gurudumu kwa nguvu. Lilibingirika chini ya mwamba, likapita mbele ya miguu ya Kinara karibu kumgusa, likapenya pale ukuta ulipobomoka, likaenda. Lilisikika likigonga jiwe, likagonga tena kwa chini sana.

Wageni walishika vinywa.

Kinara aligeuza kichwa kufuata mlio. "Nini hicho?" aliuliza, bado ametabasamu. "Mjomba, umeangusha kitu garini?"

Mwalimu mstaafu alimtazama, akatazama pengo la ukuta, akamtazama tena. Mhasibu aliyevunjika wiki iliyopita alikuwa rafiki yake. Alikuwa amehadithiwa habari za spoku.

"Jamani, ni nini?" Kinara aliuliza, na safari hii hakutabasamu.

"Kaka," bibi harusi alisema polepole, "ni gurudumu lako. Limepita hapo hapo mbele yako."

Ukimya uliofuata Fundi angeufuta kwa damu yake kama ungefutika. Aliona uso wa mtu anayempenda ukielewa mbele ya wageni. Hakukusudia hili. Alitaka kuilinda siri, na amewafunulia watu wote kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hiyo siku ile hazikuwa spoku," mwalimu mstaafu alisema. Hakusema kwa ukali.

"Hazikuwa spoku," Kinara alijibu. "Nilimsingizia. Alikuwa amezikaza vizuri."

Fundi alimfikia akamshika kiganja. "Sikusema neno. Mungu shahidi, sikujua kwamba..."

"Najua. Umetimiza ahadi." Aliushika mkono ule kwa muda, akapitisha kidole gumba kwenye sugu zake. Kisha akautoa mkononi mwake, kidole kimoja kimoja, kwa upole mkubwa. "Mjomba," aliita. "Njoo unishike. Hapa sioni kitu."

Mjomba alikuja, mtu mzima mwenye tumbo, machozi yanamtiririka bila haya. Alimzungushia mkono, akamwongoza hadi garini kama anayebeba maji yaliyojaa hadi pomoni. Alimketisha kiti cha mbele, akamfungia mkanda. Fundi aliwafuata akashika dirisha.

"Nitawashusha wageni taratibu," alisema. "Halafu jioni nitakuja kwako. Tutakaa na mama kama ulivyosema. Nitakuja, Kinara, hata akifunga mlango."

"Usije."

"Umekasirika. Una haki. Lakini nitakuja."

Kinara aliugeuza uso kwake. Gari lilikuwa juani, kwa hiyo alimwona. Alimtazama kwa muda mrefu, paji, macho, mdomo, kama mtu anayefunga mizigo.

"Usije, mpenzi," alisema. "Ukija nitakufungulia. Nitakufungulia leo, na kesho, na utaingia chumba kile cha mwisho na hutatoka tena."

Mjomba akawasha gari.